Neno "safari" lilitoka wapi?

Poleni na kazi. Na ninyi mliofika juzi na lori la mwisho, poleni na safari.

Hiyo salamu ya mwisho tumeiandika kwa makusudi. Hapa kambini kila mtu anaisema. Lori likishusha watu, hata kama mama ameshuka bila viatu na mtoto wa mgongoni ana homa, jirani atamwendea na kikombe cha maji na kumwambia: pole na safari. Jirani huyo huyo akitoka kwenye ugawaji atalalamika: safari hii wametupa maharagwe tu, mafuta hakuna. Na jioni atasikia kwamba kuna familia ya mtaa wa pili imepata safari, maana yake watapanda ndege, waende kuishi Kanada au Australia, na kesho yake watu watakuja kuangalia kama wanauza jembe na masufuria. Neno ni moja, siku ni moja, maana tatu. Tena humo hatujawahesabu watoto wanaoitwa Safari. Katika darasa letu peke yake tuko nao watatu.

Basi mwezi huu tumeona tulifuatilie hili neno. Sisi walimu wa kujitolea hatuna vitabu vingi, lakini kamusi iko, ingawa ganda lake liliisha, na wazee wako, ambao ganda lao bado ni gumu.

Tuanze na kamusi. Safari imetoka katika Kiarabu: safar, yaani kwenda mbali na kwako. Waswahili wa pwani walilichukua zamani sana, wakaongeza i mwishoni, kwa sababu Kiswahili hakipendi neno liishie kwenye konsonanti. Ndivyo pia kitab ilivyokuwa kitabu, na daftar ikawa daftari. Mtu anayesafiri, Waarabu wanamwita musafir. Kiswahili kilikuwa tayari na m yake ya watu, ile ya mtu na mtoto, basi neno likakaa kama limezaliwa humo: msafiri, wasafiri. Halafu likaanza kuzaa lenyewe: kusafiri, kusafirisha, usafiri, msafara.

(Kwa wanafunzi wa sekondari: msidanganywe na mwezi wa Kiislamu unaoitwa Safar. Masikioni ni kitu kimoja, lakini Waarabu wanauandika kwa S nyingine, ile nzito. Jamaa yake ni sifuri, ile tunayompa asiyefanya zoezi.)

Jambo lililotushika zaidi ni hili. Herufi hizo hizo tatu za safari, s na f na r, kwa Kiarabu zinabeba pia maana ya kufunua, kama mtu anayeondoa kitambaa usoni. Wanazuoni wao wa zamani walieleza kwamba safari iliitwa hivyo kwa sababu inafunua tabia za watu. Hapa kwetu nani atahitaji mwanazuoni kwa hilo? Kuna watu tulikaa nao mtaa mmoja miaka kumi, tukaja kuwajua ndani ya usiku mmoja. Kuna mlevi aliyembeba bibi wa wenyewe mgongoni mpaka kulipokucha, na kuna mtu wa sala aliyewauzia wenzake maji. Wahenga walisema katika msafara wa mamba na kenge wamo. Walisema pia msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Kwa methali hii tunamfikiria mzee mmoja wa hapa ambaye kule milimani alikuwa na ng'ombe zaidi ya mia, na leo anapanga mstari bombani na kibido chake cha njano kama sisi wote, na hasemi kitu.

Sasa, neno la pwani lilifikaje kwetu Kivu, mbali hivyo na bahari? Lilikuja kwa miguu.

Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ni kilomita kama 1,200, na ilichukua miezi mitatu au zaidi. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba vitambaa, shanga na nyaya za shaba, kila mmoja mzigo wa kilo 30 hivi. Kutoka Ujiji wengine walivuka ziwa kwa mitumbwi mikubwa, wakaenda Uvira, au wakaingia magharibi mpaka Manyema, kwenye miji ya Kasongo na Nyangwe. Mkubwa wao aliyejulikana kuliko wote ni Hamed bin Muhammed, ambaye watu walimwita Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na maisha hayo karibu yote ni safari moja baada ya nyingine. Kwa njia hiyo Kiswahili kilikaa Kongo, kikaitwa Kingwana, lugha ya waungwana, na wazee wetu wengine mpaka leo wanakiita hivyo.

Mtu wa pwani akianza mwendo anasema amefunga safari. Sisi tunavyoelewa, ni kwa sababu mizigo hufungwa kwanza kwa kamba ndipo mtu asimame. Lakini kwenye misafara ile iliyotoka Manyema kurudi pwani, haikufungwa mizigo peke yake. Watu nao walifungwa, mnyororo shingoni au mti wenye panda, na begani pembe ya ndovu. Hatuandiki haya kwa kuchokoza dini ya mtu wala kabila la mtu. Tunayaandika kwa sababu hayamo kwenye kamusi. Yule wa mbele wa msafara, mwenye bunduki, aliita mwendo ule safari. Yule wa nyuma, mwenye mnyororo, aliuita nini? Hatukuta aliyemuuliza akaandika. Lakini yeye pia alijifunza Kiswahili humo humo njiani, ili ajue akiambiwa simama au tembea. Kwa hiyo neno hili tangu lilipoingia kwetu lilikuwa midomoni mwa watu wa aina mbili: aliyefunga na aliyefungwa. Muyakumbuke haya, tutayahitaji chini.

Wazungu nao walilipata kwenye njia hiyo hiyo. Februari 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Ujiji na msafara wao. Miezi miwili baadaye walipanda mitumbwi mpaka Uvira, wakitaka kujua habari za mto Ruzizi: unatoka ziwani au unaingia ziwani? Wenyeji wakawaambia unaingia, na ni kweli. Mtoto yeyote wa Kiliba angewaambia hivyo bila kulipwa shanga. Burton ni mmoja wa watu wa kwanza walioliingiza neno safari katika maandishi ya Kiingereza, na akiliandika lilikuwa bado na maana yake nzima, msafara na mwendo. Baadaye likapunguzwa. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikuja Afrika Mashariki na wapagazi zaidi ya 200, akazunguka karibu mwaka mzima. Yeye na wenzake walirudisha wanyama zaidi ya 11,000 wa kila ukubwa, mpaka panya na wadudu, kwa ajili ya jumba la makumbusho la Washington. Tangu hapo, kwa Mzungu, safari ni kwenda kutazama tembo. Bunduki ikageuka kamera, lakini neno likabaki kwa tembo.

Ndiyo maana kuna kijana hapa anavaa fulana ya chagua yenye picha ya twiga na maandishi makubwa SAFARI, na aliuliza kwa nini wameandika neno letu kwenye nguo iliyotoka ng'ambo. Na wenye simu za iPhone wanajua kwamba ile programu ya kufungulia intaneti nayo inaitwa Safari, toka mwaka 2003. Neno limetembea kuliko sisi, tena bila karatasi.

Turudi sasa nyumbani, kwenye jambo lililotufanya tuandike. Darasa la tano tuliwapa insha yenye kichwa "Safari yangu". Ni kichwa cha kila shule. Mtoto wa Bujumbura ataandika alivyoenda kwa bibi yake likizo, akapanda basi, akanunuliwa ndizi za kuiva. Wa kwetu walikaa kimya, halafu msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha kidole: "Mwalimu, kukimbia ni safari?" Wengine wakacheka, wengine wakasema ndiyo, wengine hapana, na kengele ikagonga.

Swali hilo tulilipeleka kwa watu wazima, nyumba kwa nyumba. Mzee mmoja, aliyekuwa mwalimu kabla hatujazaliwa, alikataa kabisa. "Mwalimu," akatuambia, "safari inaanza na kuaga. Unapita kwa jirani, unamuaga, anakupa ka sabuni ao ka unga ka njia. Sisi tulimuaga nani? Hatukuaga mutu. Hata imbwa yangu sikuiaga." Kwake yeye safari ina vitu vitatu: siku unayoijua, mahali unapoenda, na watu wanaojua utarudi. Kikikosekana kimoja, hiyo si safari, ni kukimbia, na tusiwafundishe watoto kupamba.

Mama mmoja, ambaye mwanawe ni mmoja wa wale watatu wa darasani, alisema kinyume. "Mimi nilimuzaa katika njia, chini ya muti, na mvua inanyesha. Bibi mmoja nisiyemujua ndiye alimupokea. Batu bakasema nimuite Vita. Nikakataa. Vita ni ya bale ba bunduki. Mimi nilikuwa ninatembea na mutoto wangu, ile ni safari." Kisha akaendelea kuchambua sombe yake kama maneno yameisha, na kweli yalikuwa yameisha.

Sisi tulisikiliza wote wawili na hatukupata raha ya kusema huyu ana haki na yule hana. Mzee anasema kweli kuhusu kuaga. Mtu aliyeondoka bila kuaga anabaki na deni, na tumewaona wazee wetu wakiwaaga majirani wao ndotoni. Lakini tukiangalia neno lenyewe lilivyokuja, tunaelekea upande wa mama. Safari haikuwa ya wenye kuaga peke yao hata siku moja. Yule wa mnyororo naye hakuaga. Kama neno lilimbeba aliyefungwa, linaweza kumbeba aliyekimbia. Tena kuna tofauti hii: ukisema nilikimbia, anayesikia anauliza ulimkimbia nani, na hadithi inakuwa ya yule aliyekufukuza. Ukisema nilisafiri, anauliza ulipita wapi, ulikula nini, ulikuwa na nani. Hapo hadithi inakuwa yako.

Angalieni na hili. Kifaransa kinatuita réfugié, na ndani ya neno hilo mna kimbilio, mahali mtu anapojificha. Kirundi kinatuita impunzi, kutoka guhunga, kutoroka hatari. Kiswahili kinasema mkimbizi, mtu wa kukimbia, miguu tu. Kuna watu hapa wamekaa kwenye kibanda kimoja miaka zaidi ya kumi, wamepanda miparachichi ikazaa, na bado Kiswahili kinawaita wanaokimbia. Tunasema hivi kwa mzaha kidogo, lakini kidogo tu.

Warundi tunaoishi nao wanasema urugendo kwa safari. Waganda wanasema olugendo. Ukisikiliza vizuri utakuta ni ndugu wa mwendo wetu: wao wanasema kugenda, sisi kwenda, G imeanguka njiani kama mzigo uliolegea. Kwa hiyo Kiswahili nacho kilikuwa na neno lake la kuzaliwa kabla ya safari kuja na majahazi. Lingala ina neno lingine, mobembo. Watoto walifurahi sana kuona hivyo ubaoni, maana nusu yao nyumbani wanasikia lugha tatu.

Insha zenyewe zilikuja wiki iliyofuata. Tuliwaachia wachague kichwa, safari au kukimbia. Mmoja aliandika: "Safari yetu ilianza usiku, tuliacha mlango wazi na maharagwe motoni." Mwingine aliandika mistari miwili tu: "Hii si safari kwa sababu baba hakukata tiketi." Tulimpa alama nzuri, maana alitoa sababu. Msichana wa dawati la nyuma aliandika kurasa tatu, na hatutazileta hapa kwa sababu alituomba zisisomwe.

Halafu iko hii safari ya ndege. Hapa maana ya neno imekaa kwa namna ambayo mtu wa Mombasa angeshangaa. Kwake mtu anafanya safari. Kwetu mtu anapata safari, kama anavyopata mtoto au kazi, na anaweza kuikosa, na inaweza kuvunjika. Mama mmoja jirani yetu safari yake imevunjika mara mbili. Mara ya kwanza mtoto alishikwa na surua wiki ya kuondoka. Mara ya pili hakuelezwa sababu. Alikuwa amekwisha kugawa vyombo, na ilibidi apite nyumba kwa nyumba kuomba tena sufuria yake, na wote walimrudishia isipokuwa mmoja. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa na tarehe ya ndege mkononi wakabaki walipo, katika nchi nyingi. Tangu wakati ule tumesikia vijana wakisema "safari zimekufa". Sisi hatulipendi hilo neno, kwa kuwa watoto wanasikia. Kuvunjika kunatosha. Kilichovunjika kinafungwa.

Na "safari hii", yaani mara hii? Wageni wa lugha huona ni ajabu kwamba safari iwe pia mara. Kwa watu wa kandokando ya Ruzizi si ajabu. Mwaka 2015 Warundi walivuka mto huo kwenda upande wa Kongo, na kambi ya Lusenda ikafunguliwa kule Fizi kwa ajili yao. Mwanzoni mwa 2025, vita vilipofika Bukavu na kushuka bondeni, maelfu ya Wakongo waliuvuka kuja upande wa Burundi, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa kuogelea na nguo kichwani. Kutoka Uvira hadi Bujumbura hazifiki kilomita 40, mtu wa baiskeli alikuwa anakwenda na kurudi siku moja na samaki wake. Mzee wa miaka sabini akikuambia "safari hii tulivukia chini zaidi", anahesabu. Usimkate. Mwulize safari ya kwanza ilikuwa lini.

Tumebandika karatasi kubwa ukutani kwenye maktaba, karibu na mlango. Juu tumeandika SAFARI, na chini yake kolomu za lugha zetu. Ya Kirundi imejaa, Lingala iko na neno moja, na za Kibembe, Kifuliru, Kihavu na Mashi bado ni nyeupe kabisa. Tunaomba neno la safari, neno la kukimbia, na kile mnachomwambia mtu aliyefika. Kalamu imefungwa kwa kamba. Wazee wapite saa kumi baada ya masomo, na asiyeona vizuri aje na mjukuu wa kumwandikia.